Vifo vya Sajini Joska

Sajini mstaafu Joska Lamwaka alikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu, na aliigawa bila upendeleo. Aliwadharau wahubiri wenye vipaza sauti, vijana wanaotembea huku wanatazama simu, wanawake wanaoulizia bei ya nyanya wasizotaka kununua. Alimdharau pia mdogo wake Oola, aliyeendesha malori ya jeshi miaka ishirini na sita na bado hakuweza kurudisha gari nyuma bila mtu wa kumpigia kelele. Lakini dharau yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya watu wanaorudia kosa.

Hii aliitoa kazini. Alikuwa askari jela wa wanawake kwa miaka thelathini na moja, na tisa ya mwisho alikaa kwenye meza ya mapokezi. Mfungwa aliyekuja mara ya kwanza alimwandikisha bila neno. Aliyekuja mara ya pili alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akaweka kalamu chini, akasema: "Umerudi? Kitanda chako bado kina joto." Mwanzoni wenzake walicheka. Baadaye waliacha kucheka, ila yeye hakuacha kusema.

Alipostaafu alibaki hapo hapo Luzira, katika nyumba ya vyumba viwili mlimani, na Oola akahamia kwake baada ya kufiwa na mkewe. Mwaka wa pili goti la kushoto lilimshinda, likapasuliwa, na daktari akamwamuru akae kitako miezi miwili. Mtu aliyezoea kuwaamrisha wengine wakae, leo kaambiwa yeye akae. Alikaa barazani, mguu juu ya kigoda, akiyatazama mabehewa yakipakiwa melini kule bandarini Port Bell na kuwakosoa wapakiaji ambao hawakumsikia. Wiki ya tatu, akigombana na Oola kuhusu maharage yaliyoungua, simu ikamponyoka mkononi, ikagonga saruji, kioo kikapasuka vipande vipande.

Oola alimwita mtu wa boda, wakamsaidia kupanda, wakampeleka hadi kwenye kibanda cha fundi barabarani, kibanda cha bati lililopakwa buluu kati ya muuza dagaa na kinyozi. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kajifunga hijabu ya kijivu, bisibisi ndogo kaishika katikati ya meno. Aliinua macho, akaitoa bisibisi.

"Karibu, afande."

Joska alimtambua kwa sauti kabla ya sura. Safinah. Huyu alipita mezani kwake mara tatu, na mara zote tatu kwa kosa moja: kuwapokonya watu simu mikononi katika foleni ya magari na kukimbia nazo.

"Mwizi wa simu ndiye fundi wa simu," Joska akasema, sauti juu, ili muuza dagaa asikie. "Umetumia akili. Siku hizi wanakuletea wenyewe, huna haja ya kukimbia."

Safinah alinyoosha mkono. Aliichukua simu, akaigeuza, akapuliza vumbi, akaifungua. Muuza dagaa alijifanya anapanga dagaa. Nusu saa ilipita hivyo, na Joska akaanza kukerwa, kwa sababu tusi lisilojibiwa humrudia mwenyewe mdomoni kama chakula kisichoshuka.

Kioo kipya kilipokaa, Safinah alikijaribu kwa mchezo aliouingiza humo. Alisema mchezo ule ulimfaa kwa kazi hiyo kwa kuwa ulilazimisha kidole kugusa kila pembe ya kioo. Joska akainama kutazama. Hapakuwa na cha kutazama: kijitu kidogo cha vidoti, vyumba vya giza, milango, panya. Kijitu kilishuka ngazi, kikapigana, kikashuka tena. Ghafla kioo kikawa chekundu, yakatokea maandishi kwamba umekufa, na chini yake jina la kilichokuua.

"Hata humo umeshindwa," Joska akasema.

"Nimeshindwa," Safinah akakubali. "Ni shimo la ghorofa ishirini kwenda chini. Huko chini kuna taji. Ukifa, umekufa, unaanza juu mikono mitupu. Na shimo lenyewe linajipanga upya, vyumba si vile tena, kwa hiyo huwezi kukariri njia. Mimi nimewahi kufika ya kumi na sita."

"Umecheza muda gani?"

"Mwaka na nusu."

Joska alicheka kicheko chake cha mapokezini. "Mwaka na nusu unakufa! Lete hapa."

Aliichukua simu. Alimwamuru kijitu aingie chumba cha kwanza. Panya akaja, Joska akampiga, akamuua. Wakaja watatu, akasimama katikati ya chumba akawapiga pande zote kama mtu anayezima vurugu bwenini. Wakamuua. Haikufika dakika nne.

Kinyozi, aliyekuwa amesogea na wembe mkononi, akasema, "Mama kaliwa na panya," na muuza dagaa akasahau kwamba alikuwa anapanga dagaa.

Joska aliondoka pale bila kuaga. Lakini mchezo alibaki nao ndani ya simu, kwani Safinah hakuufuta, na Joska hakumwambia aufute.

Kuanzia siku ile baraza ilinyamaza. Wapakiaji wa Port Bell walipakia watakavyo. Joska aliinamia simu tangu chai ya asubuhi hadi jua linapofika ukutani, na Oola, aliyekuwa anakwangua sufuria ndani, alimsikia akitukana kwa Kiacholi, kwa Kiswahili, na mara moja kwa Kiganda, lugha ambayo kwa kawaida aliitumia sokoni tu.

"Nani amekukosea?" Oola aliuliza.

"Nyoka. Amenivizia mlangoni. Huu mchezo umetengenezwa na mhuni."

Kesho yake alikuwa panya tena. Kesho kutwa njaa, maana alisahau kumlisha yule kijitu. Halafu mtego wa mishale, ambao kwa maelezo yake haukuwa na ruhusa ya kuwepo pale. Kila kifo kilikuwa na mhalifu, na mhalifu hakuwa yeye. Kwa kila adui alitumia njia moja aliyoijua: kwenda moja kwa moja, kifua mbele, na kupiga. Kukimbia hakukimbia. Miaka thelathini na moja hakuwahi kumkimbia mfungwa, leo atamkimbia nyoka wa vidoti? Alikufa mara arobaini, na hakuvuka ghorofa ya nne.

"Dada," Oola akasema siku moja akimletea chai yenye majani yanayoelea, "kwa nini usiache?"

"Kwa sababu mwizi amefika ya kumi na sita," Joska akajibu. "Na chai hii hukuichuja."

Goti lilipoanza kumruhusu kutembea kwa fimbo, safari yake ya kwanza haikuwa kanisani. Alishuka kibandani akidai chaja inacheza. Safinah aliichomeka chaja, ikafanya kazi, akaichomoa, akamrudishia. Alimsogezea kigoda.

"Umefika ngapi, afande?"

"Ya nne. Ule mchezo unaiba."

"Mara ya mwisho umekufa na nini kwenye begi?"

Joska alikumbuka. "Chupa tano za dawa. Karatasi tatu za uchawi. Sijui ni za nini, haziandikwi mpaka uzitumie."

"Na hukuzitumia."

"Nilikuwa naziweka kwa ajili ya shida."

Safinah aliweka chini chuma cha kulehemu. Alikuwa na subira nyingi, lakini si subira isiyo na meno. "Afande, ulikuwa unakufa. Ulitaka shida ipi tena, yenye barua ya kujitambulisha? Unalala chini na chupa tano kwenye begi, halafu unasema umeibiwa!"

Kinyozi akacheka. Joska alihisi masikio yakipata moto. Hakuna aliyewahi kumsemesha vile mbele ya watu, achilia mbali mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumpanga mstari.

"Chupa usiyoijua unainywa mapema," Safinah akaendelea, "ukiwa mzima na hakuna adui. Ikiwa sumu, unaumwa kidogo, unapona, na unaijua. Ikiwa dawa, basi umejua ile ya pili ni ya nini. Na panya watatu usiwasubiri chumbani. Unarudi kwenye ujia mwembamba, waje mmoja mmoja. Kurudi nyuma si aibu. Hawakuandikii popote."

"Mimi sirudi nyuma."

"Ndiyo maana hushuki."

Joska alinyanyuka kwa fimbo yake. Akaona hawezi kuondoka bila kumchoma naye, akachagua mahali alipojua panauma. "Wewe ndiye wa kunifundisha? Mara tatu nimekuandikisha. Mara tatu, kosa lile lile."

"Kweli," Safinah akasema. Hakupandisha sauti. "Mara ya kwanza nilisema ni jirani aliyenichongea. Mara ya pili nikasema ni rafiki yangu, alipiga kelele mapema. Ya tatu nilikuwa peke yangu, sikupata wa kumsingizia. Nikakaa miezi kumi na minne najiuliza, mimi hasa nilifanya nini, na saa ngapi ningeweza kufanya kingine. Hapo ndipo nikaomba kuingia darasa la ufundi. Lakini wewe hukuniuliza lolote, afande. Wewe uliniambia habari za kitanda."

"Haikuwa kazi yangu kuuliza."

"Sawa."

Hilo "sawa" alipanda nalo mlima wote, likimuuma kuliko goti. Alijiambia kwamba mwizi hana haki ya kutoa hotuba. Alijiambia kwamba askari wa mapokezi haulizi, anaandika. Yote hayo yalikuwa kweli, na hayakumsaidia. Alipofika barazani alikaa bila kuwasha simu, na kwa mara ya kwanza alikihesabu kifo chake cha mwisho kwa namna nyingine: siyo nani alimuua, bali yeye alikuwa amesimama wapi, na kwa nini. Jibu lilikuwa la kipumbavu hivi kwamba alijicheka kwa sauti, kicheko kile kile cha dharau, safari hii kikielekezwa ndani.

Basi hapo dharau yake ikapata kazi ya maana. Kwa kuwa hakuwa na huruma na mpumbavu yeyote, hakujihurumia yeye mwenyewe. Kila alipokufa alijihoji kama mfungwa mbele ya meza. Ulikuwa na damu nusu. Kwa nini ulifungua mlango? Ulimwona jitu amelala. Nani alikutuma umwamshe? Ngazi zilikuwa nyuma yako; miguu ilikuwa ya nini? Akaanza kurudi nyuma. Akanywa chupa mapema, akapofuka, akaungua, mara moja akaanza kuelea hewani bila uwezo wa kushuka, akazijua. Ghorofa ya saba. Ya tisa. Akafia tena ya tatu, kwa kiburi. Ya kumi na moja. Oola alipomuuliza nani kamkosea, alijibu, "Mjinga mmoja, unamfahamu," na Oola akadhani anasemwa yeye.

Jumanne moja, kabla ya saa sita, Joska alifika ghorofa ya kumi na saba.

Hakukaa huko sana, lakini alifika, na kioo kiliandika, na kumi na saba ni zaidi ya kumi na sita. Alivaa viatu vyake vya kutokea. Njia nzima aliipanga sentensi atakayoitumia, akaipunguza, akainoa, hadi ikabaki maneno sita.

Kibanda kilikuwa kimefungwa.

"Polisi wamemchukua asubuhi," kinyozi akamwambia. "Wanasema kuna simu ya wizi."

Joska alisimama pale na fimbo yake. Kitu cha kwanza alichohisi, na baadaye hakuficha kwamba alikihisi, kilikuwa raha. Nilijua, akajiambia. Nilijua tangu siku ya kwanza. Watu hawa hawabadiliki, wanabadilisha kibanda tu. Akamwita mtu wa boda, akamwambia ampeleke kituo kile kidogo cha polisi karibu na soko. Alitaka kuona kwa macho. Na alikuwa na neno lake la zamani, ambalo halikuwa limepata wa kuambiwa tangu astaafu.

Safinah alikuwa kwenye benchi la ukutani, mikono magotini. Hakuwa analia. Hakuwa anagombana na mtu. Nyuma ya meza alikaa konstebo kijana anayekula karanga, na mbele yake mfuko wa nailoni wenye simu moja.

Joska akaja hadi mbele ya benchi. Safinah akainua macho, akamwona ni nani, na uso wake ukajiandaa, ule uso wa mtu anayejua kitakachosemwa. Joska aliuona uso ule. Alikuwa ameuona mara nyingi sana maishani, wa watu wengi, na siku zote aliudhania ni ukaidi.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza, na halikushuka vizuri.

"Nini kimetokea?" akauliza.

Safinah alimkazia macho, kama hakusikia sawa. "Mtu aliniuzia simu mbovu nitoe vipuri. Wiki iliyopita. Leo mwenye simu ameitambua kibandani. Kabla sijanunua nilimpiga picha yule muuzaji, na kitambulisho chake, na simu kaishika mkononi. Nafanya hivyo kwa kila mtu. Picha ziko kwenye simu yangu. Simu yangu iko pale mezani. Nimemwambia mara tatu."

"Umemwambia, naye?"

"Amesema nisimfundishe kazi."

Joska akageuka. Goti lilikuwa linawaka, na hilo lilisaidia. "Wewe," akamwambia konstebo.

"Subiri zamu yako, mama."

"Zamu yangu niliimaliza ukiwa hujaota meno. Sajini Lamwaka, magereza. Miaka tisa nimepokea watu mliowaleta ninyi, wengine na karatasi hazina hata tarehe. Una mshukiwa, una kielelezo, na una ushahidi wa picha mezani kwako, sentimita kumi kutoka kwenye karanga zako. Umeutazama?"

"Mama, huyu ana rekodi. Nimeangalia. Mara tatu."

"Nazijua. Nimeziandika mimi kwa mkono wangu. Nakuuliza umetazama picha?"

Konstebo hakuwa ametazama. Mkaguzi aliyekuwa chumba cha nyuma alitoka kwa sababu ya kelele, akasikiliza, akampa Safinah simu yake aifungue. Picha ilikuwepo: mwanaume mwenye fulana ya mistari, simu mkononi, kitambulisho kimeinuliwa kifuani, tarehe pembeni. Mkaguzi aliitazama muda mrefu, kisha akamtazama konstebo kwa muda mrefu vile vile. Wakaandika maelezo, wakachukua nakala za picha, na saa nane mchana Safinah akaambiwa aende, akihitajika ataitwa.

Nje, jua likiwa kali, walitembea polepole kwa sababu ya fimbo. Safinah hakusema asante, na Joska angemdharau kama angesema. Walipita wauza ndizi, wakapita gereji ya boda.

"Ulikuja kwa nini?" Safinah akauliza.

Joska alifikiria kudanganya. "Nilikuja kukucheka."

"Nilidhani hivyo."

Wakatembea tena.

"Nimefika ya kumi na saba," Joska akasema. Lile la maneno sita lililonolewa lilikuwa limepotea kabisa.

Safinah akasimama. "Muongo."

"Leo asubuhi."

"Nini kimekuua?"

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa nimezungukwa na majitu manne, nikaona nina karatasi nisiyoijua, nikasema labda ni ya kunihamisha. Nikaisoma. Ilikuwa ya kuita majitu mengine."

Safinah alishika kichwa kwa mikono miwili, pale pale kando ya barabara, mpaka mtu wa boda akapunguza mwendo akidhani kuna msiba. "Ghorofa ya kumi na saba! Unasoma karatasi usiyoijua ghorofa ya kumi na saba! Hivi afande, mtu anatoa wapi ujinga wa kiasi hicho? Uliubeba kutoka juu?"

"Niliibeba tangu ya pili," Joska akakiri. "Karatasi, yaani."

"Tangu ya pili! Ghorofa kumi na tano umeibeba hukuisoma!"

Aliendelea kumsema hadi kibandani. Alimsema akifungua kufuli, akamsema akiwasha chuma cha kulehemu. Kinyozi alitoka kusikiliza, na Joska akakaa kwenye kigoda, mguu mbele, akipokea kila neno bila kujitetea. Hakuzoea. Ilikuwa kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine, na bado alikaa.

Msamaha hakuomba, siku ile wala baadaye, na Safinah hakuudai. Taji la chini hakuna kati yao aliyelipata mpaka sasa. Mwezi uliofuata Safinah alifika ya kumi na nane, akauawa na kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyejua jina lake. Walibishana juu yake mchana mzima, mmoja akisema kilitoka ukutani, mwingine akisema kilikuwa pale tangu mwanzo na aliyekufa hakutazama, huku mteja mwenye simu iliyoingia maji akiwasubiri wamalize, na hawakumaliza.